Waya ulilegea, saa hazikukosea

Jamani, nimekaa kimya hapa karibu mwezi mzima, na wapo walioanza kuniulizia kama bado napumua. Napumua. Nilikuwa nimebanwa na kazi, halafu nikawa na hasira. Hasira zenyewe ndizo zimenirudisha kibarazani leo, kwa hiyo vuta kiti, maana haya si ya mistari miwili.

Kisa ni hiki. Wiki mbili zilizopita gazeti ninaloandikia (sitalitaja, mwisho wa mwezi nalihitaji) lilibaki na tundu ukurasa wa 11. Tangazo liliondolewa jioni, muda wa kufunga gazeti umekaribia, nafasi iko wazi. Mhariri akanitaka nijaze na kitu chepesi cha sayansi, kitu cha kuchekesha. Mwenzangu wa meza ya pili akakumbusha ile hadithi ya nyutrino: wanasayansi wa Ulaya waliotangaza kwamba wamempiku Einstein, kumbe kuna waya ulikuwa umelegea. Chumba kizima kikacheka. Kichwa cha habari kikapatikana kabla ya habari yenyewe, kama ilivyo desturi yetu: "Waya wawaumbua wanasayansi." Mwingine akadakia kwamba hayo ndiyo matunda ya kuitegemea GPS, kitu ambacho hata dereva wa teksi kinampeleka mtaroni.

Nikakataa kuiandika. Mwingine akaiandika kwa dakika ishirini, ikatoka. Ilikuwa na aya tano, na ndani ya aya tano mlikuwa na makosa makubwa matatu. La kwanza, eti wanasayansi walitangaza kwamba Einstein kakosea. La pili, eti saa na setelaiti ndizo zilizowadanganya. La tatu, eti kosa liligunduliwa kwa bahati, fundi kapita kakuta waya unaning'inia. Hakuna aliyepiga simu kulalamika. Nani alalamike? Nyutrino hazina wakili.

Basi mimi nalalamika. Na nasema wazi tangu mwanzo: katika kisa kile saa zilifanya kazi yake, na watu waliozilinganisha walifanya kazi yao vizuri kuliko chumba chochote cha habari nilichowahi kukikanyaga. Tulipaswa kujifunza kwao. Tukachagua kuwacheka.

Tuanze na tukio lenyewe. Mwaka 2011 mimi nilikuwa shule ya msingi, nahangaika na sehemu na desimali, kwa hiyo haya nimeyasoma baadaye kwenye ripoti za wenyewe. Ziko wazi mtandaoni, yeyote anaweza kuzisoma, hata mwandishi wa ukurasa wa 11.

CERN ni maabara kubwa iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva. Gran Sasso ni maabara ya Italia iliyochimbwa chini ya mlima, na juu yake kuna mwamba wa mita 1,400 hivi. Kati ya maabara hizi mbili ni kilometa 730. CERN walikuwa wakirusha nyutrino kuelekea Gran Sasso. Nyutrino ni chembe ndogo mno ambazo hupenya mwamba kana kwamba mwamba haupo, kwa hiyo hazihitaji barabara wala shimo. Huko Gran Sasso kundi la watafiti lililoitwa OPERA lilikuwa likizisubiri. Safari nzima huchukua milisekunde 2.4.

Walipokwisha kukusanya nyutrino zaidi ya 15,000 katika miaka mitatu, hesabu iliwapa jibu la ajabu. Nyutrino zilikuwa zikifika nanosekunde 60 mapema kuliko mwanga ambavyo ungefika. Nanosekunde ni sekunde moja uliyoigawa vipande bilioni moja. Katika kipande kimoja cha namna hiyo mwanga husafiri sentimita 30 tu, kama urefu wa rula ya mtoto wa shule. Nanosekunde 60 ni mita 18. Yaani katika mbio za kilometa 730, nyutrino zilionekana kumtangulia bingwa kwa mita 18. Na bingwa huyo, kwa mujibu wa fizikia yote tunayoitegemea, hatanguliwi na yeyote.

Tarehe 23 Septemba 2011, Dario Autiero alisimama kwenye ukumbi wa CERN akaeleza kipimo chote, hatua kwa hatua. Hapo ndipo kosa la kwanza la gazeti letu linapoanguka. Ripoti yao ilisema kwa makusudi kwamba hawatoi tafsiri yoyote ya kinadharia. Hawakusema Einstein kakosea. Walisema tumepima, tumejikagua, jibu halitoki, njooni mtukague. Waliosema Einstein kakosea ni sisi wenye magazeti, dunia nzima, kwa herufi nene.

Na si magazeti tu. Wizara ya Elimu na Utafiti ya Italia, chini ya waziri Mariastella Gelmini, ilitoa taarifa ya pongezi ikisifia mchango wa Italia wa euro milioni 45 hivi katika kujenga handaki la kutoka CERN hadi Gran Sasso. Handaki! La kilometa 730! Chini ya milima ya Alps! Handaki hilo halijawahi kuwapo. Waitaliano walicheka wiki nzima. Lakini angalia: aliyechekwa zaidi na historia si aliyebuni handaki, ni aliyepima nanosekunde.

Wenye taaluma wenyewe walitilia shaka tangu siku ya kwanza, na si kwa ushabiki. Februari 1987 nyota ililipuka katika galaksi ndogo jirani yetu, umbali wa miaka ya mwanga 168,000 hivi. Nyutrino zake zilifika duniani saa chache tu kabla ya mwanga wake, na hilo linaelezeka, kwa sababu nyutrino hutoka mapema ndani ya nyota inapoanguka. Kama nyutrino zingekuwa na kasi iliyoonekana Gran Sasso, zingefika miaka minne hivi kabla ya mwanga. Hesabu hiyo mtu anaifanya nyuma ya bahasha. (Sisi waandishi tuna bahasha nyingi, ila matumizi yetu ya bahasha mnayajua.)

Sasa njoo kwenye kosa la pili, ndilo lililonitoa usingizini: kwamba saa na setelaiti ziliwadanganya.

Fikiria tatizo lao. Ili ujue nyutrino imesafiri kwa muda gani, unahitaji saa mbili, moja inakotoka na nyingine inakofika, na uwe na hakika kwamba zinakubaliana kwa kiwango cha nanosekunde. Saa moja iko Geneva, nyingine Italia ya kati. Utazilinganishaje? Huwezi kupiga simu ukauliza "saa ngapi huko?" Simu yenyewe inachelewa mno kuliko unachotaka kupima. Zamani, kabla ya setelaiti, saa za atomiki zilipandishwa ndege kama abiria, zikapelekwa maabara moja baada ya nyingine zikalinganishwe ana kwa ana.

Mwaka 1980 David Allan na Marc Weiss, wa ofisi ya viwango ya Marekani iliyoko Boulder, Colorado, walipendekeza njia rahisi kuliko jina lake. Ngoja niieleze kwa mfano wa kwetu.

Wewe uko Mwanza, mimi niko Dar es Salaam. Kila mmoja ana saa yake ya mkononi. Tunataka kujua saa zetu zinapishana kwa kiasi gani. Tunakubaliana: leo usiku wote tusikilize redio ileile, na mlio wa kuanza taarifa ya habari ya saa mbili ukilia, kila mmoja aandike saa yake inasema nini. Yangu inasema saa mbili na sekunde nne. Yako inasema saa mbili na sekunde moja. Tunatumiana meseji, tunatoa: yangu iko mbele ya yako kwa sekunde tatu. Basi.

Je, kama mtu wa redio alichelewa? Ndiyo uzuri wenyewe. Tuseme alichelewa sekunde kumi. Kuchelewa kwake kumeongeza sekunde kumi kwenye saa yangu na sekunde kumi kwenye yako. Tukitoa, sekunde zake kumi zinajifuta. Hatukuhitaji mtu wa redio awe mkweli. Tulihitaji tu kwamba wote tumsikie yeye yule, wakati uleule, na kila mmoja wetu awe na saa yake mwenyewe.

Sasa mahali pa redio weka setelaiti ya GPS, kilometa 20,000 na zaidi juu yetu, ikipita mahali ambapo Geneva na Gran Sasso wote wanaiona. Mahali pa saa za mkononi weka saa za atomiki za seziamu. Kila maabara inapima tofauti kati ya saa yake na ya setelaiti, halafu namba zinatolewa. Kosa la saa ya setelaiti linajifuta. Na hili lilijaribiwa kwa ugumu wake wote. Hadi Mei 2000, Rais Clinton alipoagiza ikome, jeshi la Marekani lilikuwa likiivuruga GPS ya raia kwa makusudi. Kwa aliyetaka kujua mahali alipo, uvurugaji huo ulikuwa kero. Kwa maabara zilizotumia njia ya Allan na Weiss, sehemu kubwa ya uvurugaji ilijifuta, kwa sababu pande zote mbili zilivurugwa sawasawa.

Ukiniuliza mimi, hilo peke yake lingetosha kujaza ukurasa wa 11.

Lakini kuna vitu ambavyo havijifuti, na hapo ndipo kazi ilipo. Setelaiti haiko umbali sawa kutoka kwako na kutoka kwangu, kwa hiyo lazima tujue mahali tulipo na mahali ilipo. Anga ya juu inachelewesha mawimbi, na haicheleweshi sawa kila mahali. Na kubwa kuliko yote: waya wako mwenyewe. Kutoka kwenye antena juu ya paa hadi kwenye kipokezi mezani, mawimbi hutumia nanosekunde nne au tano kwa kila mita. Waya wa mita 50 unakula zaidi ya nanosekunde 200. Setelaiti haiwezi kukusaidia hapo. Ucheleweshaji wa nyumbani kwako unaupima wewe.

OPERA waliupima. Tangu 2008 waliweka vipokezi vya aina moja na saa za seziamu za aina moja pande zote mbili. Wataalamu wa taasisi ya vipimo ya Uswisi wakavipima. Kisha taasisi ya vipimo ya Ujerumani ikabeba kifaa chake yenyewe, ikaenda CERN, ikaenda Gran Sasso, ikapima upya bila kutegemea hesabu ya wa kwanza. Tofauti kati ya vipimo viwili ilikuwa nanosekunde 2.3. Umbali wa kilometa 730 waliujua kwa sentimita 20. Vipimo vyao vya GPS vilikuwa makini kiasi kwamba tetemeko la L'Aquila la Aprili 2009 lilipousogeza mlima ule kwa sentimita saba, waliliona kwenye namba zao.

Sasa niambie, ndugu yangu uliyeandika "GPS yawadanganya wanasayansi": ilidanganya wapi? Nanosekunde 2.3 haziwezi kuzaa 60. Ulinganisho wa saa ulikuwa mzima siku ya kwanza na ulikuwa mzima siku ya mwisho. Hakuna aliyewahi kuuondoa.

Kosa lilikuwa wapi basi? Lilikuwa nyumbani. Mawimbi ya GPS hayapenyi mlima. Kipokezi kilikuwa nje, juu ya ardhi, na muda wake ulishushwa pangoni kwa mkongo wa kilometa 8.3, nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, mkongo kama huu unaoleta intaneti kwako. Mwishoni mwa mkongo ule, mahali unapochomekwa kwenye saa kuu ya OPERA, kiunganishi hakikuwa kimekazwa. Mwanga ulipita, lakini hafifu. Kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme kikawa kinachelewa kuutambua, kwa nanosekunde 73 hivi. Saa ya pangoni ikabaki nyuma, na kila nyutrino iliyofika ikaandikiwa muda wa mapema kuliko wake.

Palikuwa na kosa jingine ambalo hadithi za vijiweni hazilitaji. Kifaa kinachohesabu mapigo ndani ya saa kuu ya OPERA kilikuwa hakihesabu kwa kasi sawasawa, na hicho kilivuta upande wa pili, nanosekunde 15 hivi. Toa 15 kwenye 73. Unaona zinazobaki? Makosa mawili yaliyopingana, yakaacha namba moja safi iliyofanana na ugunduzi.

Na mkongo ule uliwahi kupimwa zamani. Namba ilikuwa nzuri siku ilipochukuliwa. Kisha kiunganishi kikalegea, namba ya zamani ikaendelea kutumika. Ni nani kati yetu hajawahi kunakili idadi ya watu wa kata fulani kutoka habari ya miaka mitano iliyopita kwa sababu "tayari iko kwenye faili"?

Hapa pana jambo linalonitisha zaidi. Oktoba na Novemba 2011, kwa kuwa watu waliulalamikia urefu wa mpigo wa CERN, walirudia jaribio kwa mipigo mifupi sana. Wakanasa nyutrino 20 safi. Jibu: nanosekunde 62. Wapo waliosema sasa imethibitishwa. Lakini nyutrino zote 20 ziliandikiwa muda na saa ileile, kupitia kiunganishi kilekile. Walirudia kwa uangalifu mkubwa, na kosa likarudi nao kwa uangalifu uleule.

Tuje kosa la tatu, la fundi aliyepita njia. Desemba 2011, baada ya kipimo kile cha pili, kundi la OPERA lenyewe lilishuka likakagua mnyororo wote wa muda, kipande kwa kipande, likakikuta kiunganishi. Februari 2012 wakatangaza. Wao wenyewe. Kisha likabaki swali gumu: waya ulilegea tangu lini? Kama ulilegea juzi, basi vipimo vya 2009 na 2010 ni vizima, na Einstein bado yuko hatarini.

Nani aliwajibia? Jirani. Katika maabara ileile ya chini ya mlima, mita 160 hivi kutoka OPERA, kulikuwa na jaribio jingine liitwalo LVD, lenye saa yake na watu wake. Mara chache sana, chembe ziitwazo muoni zitokazo angani hupita mlalo kwenye sehemu nyembamba ya mlima, zikatoboa vyombo vyote viwili mfululizo. Muoni haijui fizikia ya nani inatetewa. Inapita tu, na kila upande unaandika saa yake. Wakafukua kumbukumbu za 2007 hadi 2012, wakatoa namba za upande huu kwenye namba za upande ule. Kati ya katikati ya 2008 na mwisho wa 2011, saa ya OPERA ilikuwa imesogea kwa nanosekunde 73 hivi.

Umeona ni kitu gani hicho? Ni ile redio ya Mwanza na Dar. Ni njia ya Allan na Weiss, ila muoni imeshika mahali pa setelaiti. Kulinganisha saa ndiko kulikolifunua kosa, na sisi tukaandika kwamba kulinganisha saa ndiko kulikolileta.

Mei 2012 CERN walirusha tena. Majaribio manne ya Gran Sasso, yaani Borexino, ICARUS, LVD na OPERA, yote yalipima. Tarehe 8 Juni 2012, kwenye mkutano wa Kyoto, jibu likatolewa: nyutrino haziutangulii mwanga. Mwaka haukuisha tangu tangazo la kwanza.

Najua mtasema nini. "Lakini walikurupuka!" Sawa, tuliongee. Wapo waliokuwa ndani ya OPERA walioona hivyo, hata wengine wakakataa kuweka majina yao kwenye ripoti ya Septemba. Machi 2012 kundi lilipiga kura ya kutokuwa na imani na viongozi wake, na Antonio Ereditato, msemaji wa kundi, akajiuzulu pamoja na Autiero. Sisemi walikuwa malaika. Mkongo ule ungeweza kupimwa kabla ya kuitisha ukumbi. Nasema kwamba watu wale waliweka mezani kila kipande cha mnyororo wao, ndiyo maana kosa lilipatikana. Walilitaja ukubwa, mahali na muda liliodumu. Na wakubwa wakaondoka kwenye viti. Nitajie mhariri mmoja unayemjua aliyeondoka kwenye kiti kwa sababu ya habari ya uongo. Nasubiri.

Na si wao tu. Dunia ya wapima saa yote inaishi hivyo. Wengi tunadhani kuna mahali fulani imefungiwa saa kuu ya dunia, na wengine wote wanaifuata. Hakuna. Saa ya kimataifa, UTC, hupatikana kwa kukusanya saa za atomiki 450 hivi kutoka maabara 80 hivi, zikalinganishwa kwa setelaiti, zikapigiwa hesabu pamoja. Hesabu hufanywa na ofisi ya kimataifa ya vipimo, BIPM, iliyoko Sèvres karibu na Paris. Na kila mwezi ofisi hiyo hutoa waraka uitwao Circular T. Ndani yake kila maabara imetajwa kwa jina, na mbele ya jina, kwa kila siku tano, imeandikwa nanosekunde ngapi ilikuwa nje ya mstari. Wakubwa wa Marekani wamo. Wajerumani wamo. Afrika Kusini na Misri wamo, na hapa jirani Shirika la Viwango la Kenya limo. Hakuna anayeandikiwa sifuri milele. Hakuna anayeona aibu kuandikiwa namba. Aibu kwao ni kutokuwamo.

Waraka wa makosa yako, kila mwezi, kwa jina lako, mbele ya wenzako wote. Hebu lipeleke wazo hilo kwenye chumba cha habari uone utakavyotolewa nje.

Nimesema sana kuhusu wengine, sasa nijisemee. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika kwamba mwalimu mmoja wa sekondari ametoweka na michango ya wazazi. Nilikuwa na vyanzo viwili, kama tulivyofundishwa chuoni. Vyote viwili vilikubaliana, hadi kiasi cha fedha. Nikajiona mwandishi kamili. Gazeti likaweka habari ukurasa wa tatu.

Mwalimu alikuwa amelazwa hospitali. Michango ilikuwa benki. Vyanzo vyangu viwili vilikuwa vimesikia kwa mtu mmoja yuleyule, aliyekuwa na ugomvi naye. Ndiyo maana vilikubaliana hadi senti! Sikuwa na saa mbili. Nilikuwa na vipokezi viwili vya redio moja, na vipokezi viwili vya redio moja vitakubaliana siku zote, hata kama mtangazaji anaota. Ile njia ya Allan na Weiss inafanya kazi kwa sababu kila upande una saa yake inayopiga yenyewe. Ukiondoa saa, kinachobaki ni mwangwi.

Sahihisho letu lilitoka siku tisa baadaye, ukurasa wa 14, maneno 38, juu ya tangazo la mnada wa magari. Halikutaja tulikosea nini. Lilisema "tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Usumbufu! Mwalimu yule aliomba uhamisho kabla ya muhula kuisha. Nilimpigia simu mara mbili. Mara ya kwanza alikata. Mara ya pili alinisikiliza hadi mwisho, akasema "sawa mwanangu", akakata. Hadi leo ile "sawa mwanangu" sijui niiweke wapi.

Kwa hiyo nilipoona chumba kizima kinawacheka watu waliotafuta kosa lao kipande kwa kipande hadi wakajua ni nanosekunde ngapi na tangu mwaka gani, nilishindwa kucheka.

Ninachotaka ni kidogo, wala hakihitaji seziamu. Sahihisho likae ukurasa uleule ilipokaa habari. Litaje kosa lilikuwa nini, ukubwa wake, na lilikaa muda gani bila kurekebishwa. Na kila mwezi gazeti lichapishe orodha nzima, na majina yetu waandishi yakiwamo. Mhariri wangu kaniambia wasomaji wataacha kutuamini. Nikamuuliza, kwani sasa hivi wanatuamini? Akaenda kunywa chai.

Basi naanza mwenyewe. Waraka wangu wa mwezi huu:

Niliandika mzee mmoja wa pale stendi ana miaka 71. Ana 67. Nilikadiria kwa kumwangalia. Siku 12 bila kurekebishwa.

Niliandika mkutano wa wafanyabiashara ulihudhuriwa na watu 200. Nilihesabu viti. Watu hawakufika 130. Siku sita.

Niliandika daraja limejengwa kwa miezi minane, kwa mujibu wa mkandarasi. Wakazi wawili wanaokaa pembeni ya daraja, wasiojuana, wananiambia miezi kumi na minne. Bado sijarekebisha. Jumatatu naenda kuomba mkataba wenyewe.

Na wewe unayefanya kazi ya kalamu, wako uko wapi? Uweke hapo chini. Wasio waandishi mnaruhusiwa pia, hasa mliowahi kuandikwa.

Nikirudi na mkataba wa daraja nitawaambia.